Kadi Uliyoitupa, Nimeitunza

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeliandika mara tatu kwa sababu bado naliona jipya mdomoni. Hii ni wiki ya tisa tangu tutoke kanisani, na hata gengeni nikiulizwa nipimiwe nyanya kiasi gani najibu, "Za kumtosha mume wangu." Jana muuzaji akanishika: "Mume wako si yuko safari, bibi harusi?" Nikamwambia nyanya zinaweza kumsubiri kama ninavyomsubiri mimi. Akacheka mpaka akaniongezea moja.

Koti lako la mvua liko palepale kwenye msumari wa mlangoni. Mvua zimeanza, Tunduma yote ni tope, na mimi ningelihitaji sana koti hilo, lakini silivai. Nikilivaa litaanza kunukia mimi, na mimi nataka linukie wewe, dizeli na vyote.

Sasa nikuandikie lililonikalisha chini. Juzi ulipopiga simu kutoka huko kwenye foleni ya malori upande wa Zambia, ulianza kama kawaida yako, "Mulishani, mukashi wandi," na mimi nikayeyuka kama kawaida yangu, maana tangu unifundishe kwamba hayo ni maneno ya kumwamkia mke, sijawahi kuyasikia nikabaki mzima. Kisha nikakueleza kwamba gari la matangazo limepita mtaani: Jumamosi kutakuwa na upimaji wa afya bure kwenye maegesho ya malori, sukari na presha, madereva wote wanakaribishwa. Jumamosi hiyohiyo unayorudi. Sauti yako ikabadilika.

"Mimi na vipimo tuliachana Ihanda," ukasema. "Usinirudishe kwa tuliyeachana naye."

"Lakini mume wangu..."

"Simu inakata. Ukiwa na hoja, niandikie barua."

"Nitaandika. Tena nitaibandika wazi kwenye ubao wa maegesho, wenzako waisome."

"Bandika. Ila usiseme nililia."

Sawa, mpenzi. Sijasema.

Naiandika wazi kwa sababu hukuwa peke yako siku ile. Wako wengi Ihanda waliotupa kadi zao kama wewe, na wako wengi hapa Tunduma wanaosimulia kisa chetu kama kichekesho bila kujua kilivyotaka kutuvunja. Basi wote wasome. Wewe nakutumia nakala kwa dereva anayevuka leo; soma polepole, ukiwa umeegesha.

Unakumbuka ulivyokuja shambani kwetu? Ulikuwa msimu wa kuchuma, wakati ambao baridi ya Mbozi inauma masikio mpaka saa nne asubuhi. Barua yako ya posa ilikuwa imepokelewa, sasa ilibaki wakwe waione mikono yako ikifanya kazi. Ukaja na raba nyeupe. Nyeupe, mume wangu, kwenye udongo mwekundu wa Ihanda! Shangazi yangu alikutazama kuanzia chini mpaka juu akasema, "Huyu kijana amekuja kuchuma au kubatizwa?"

Nami nikakupenda zaidi kwa zile raba. Nilijua umezinunua kwa ajili yetu.

Ninyi watu wa Ndalambo mnajua ufuta na ulezi. Kahawa ulikuwa umeiona kwenye kikombe tu. Ukachuma kama mtoto, moja kwenye kikapu, moja mdomoni. Ulipoiminya ile nyekundu iliyoiva na kuonja ule utelezi wake, ukapiga kelele, "Kumbe tamu hivi! Mbona hamkuniambia?" Shangazi akajibu kutoka mstari wa pili, "Tulikuficha, mkwe, usije ukaoa shamba badala ya binti." Kufika mchana vidole vyako vilikuwa vinanata. Ulinigusa shavu mbele ya mashina ya kahawa, kidole kikaganda, na nikatamani kisibanduke. Nimeolewa sasa, naweza kuyaandika hayo bila aibu.

Hapo ndipo Mama alipokuja kutoka nyumbani, anakausha mikono kwenye kanga. "Wanangu, acheni vikapu. Kuna wataalamu wa afya kwenye banda la mashine ya kumenyea kahawa, wanapima bure. Twendeni wote."

Tulipanda kile kilima karibu tukimbie, kwa sababu foleni ilikuwa inakua. Nusu ya kijiji ilikuwa imetoka shambani moja kwa moja, vikapu mgongoni. Yule dada muuguzi alikuwa peke yake na foleni ilifika barabarani. Anakupangusa kidole kwa pamba yenye spiriti, anakutoboa, anaweka tone kwenye kimashine. Kwako alikitazama mara mbili.

"Kaka, una sukari?"

"Mfukoni?" ukamjibu, na banda zima likacheka.

Yeye hakucheka. Akakufunga mkono kwa kile kitambaa cha presha, akapampu, akatazama tena, akaandika namba zote mbili kwenye kadi. "Sukari iko juu sana. Na presha nayo iko juu. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, usichelewe." Ulitaka kuuliza kitu, nilikuona umefungua mdomo, lakini aliyefuata alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Mama naye akaambiwa ana sukari. Tulishuka kile kilima kama watu wanaotoka makaburini.

Jioni ileile ukaondoka. Kisha ukaacha kupokea simu zangu.

Mume wangu, nataka niliandike hili kwa herufi kubwa kama ningeweza: kama kuna mtu anayedhani kupimwa hakuna madhara, aje aniulize mimi. Hukwenda hospitali kwa sababu uliogopa tajiri wako akisikia atakunyang'anya lori. Ukajitibu mwenyewe. Ukaacha ugali, ukawa unakula matango. Ukachemsha mwarobaini, kikombe asubuhi na kikombe jioni, mpaka uso wako ukawa mchungu kama yale maji. Siku moja njiani kuelekea Vwawa mikono ikakutetemeka kwenye usukani kwa njaa, ukaegesha pembeni, ukakaa hapo mpaka jua likazama. Hayo yote uliniambia baadaye. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba mwanaume niliyempenda amenyamaza.

Halafu ukaja kibandani kwangu, pale ninaposhona. Umekonda, suruali inashikiliwa na mkanda. Ilikuwa ni ileile suruali uliyoniletea mara ya kwanza imechanika goti, ile uliyoichana tena kwa makusudi wiki mbili baadaye ili upate sababu ya kurudi. Mbona nilijua! Hakuna goti linalochanika kwa mkasi. Siku hiyo hukuleta cha kushona. Ulisimama mlangoni ukasema, "Sikuoi nikakufanye muuguzi. Tafuta mwenye afya."

Nilikurushia futi ya kupimia nguo. Nakumbuka nilivyosema, kwa sababu sijawahi kuwa na ujasiri ule kabla wala baada: "Mimi sikukubali sukari wala chumvi. Nilikukubali wewe. Rudi ukae."

Ukakaa. Na sisemi ulichofanya ulipokaa.

Sasa njoo kwenye sehemu unayoipenda. Shangazi, ambaye hakuna mtu aliyemtuma, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushangaa. Alikuwa amekaa kwenye meza za kuanikia, anachambua, akasema, "Ajabu ya kijiji hiki. Wachapakazi wote wana sukari, wavivu wote ni wazima." Tukacheka. Lakini ilikuwa kweli! Waliotoka shambani wote waliandikiwa waende hospitali. Waliotoka kuota jua waliambiwa hongera.

Zikapita siku chache, yule dada muuguzi akarudi. Safari hii alikuja na beseni, sabuni na ndoo mbili za maji. Waliokwenda hospitali walikuwa wamekutwa wazima mmoja baada ya mwingine, na yeye akakaa akatafakari akagundua. Alisimama mbele ya watu akasema, "Kosa ni langu. Nilipaswa kuwanawisha mikono kwanza. Ule utamu wa kahawa ulibaki kwenye vidole, spiriti haikuutoa, na mashine ikapima kahawa badala ya damu." Nilimheshimu sana. Si kila mtu anaweza kusimama mbele ya watu aliowatisha na kusema hivyo.

Ukanawa. Ukapimwa hujala kitu, asubuhi mbili tofauti, na mara zote mbili sukari yako ilikuwa sawa kabisa. Ulininyanyua na kikapu changu na kahawa zote zikamwagika, na Baba yangu, ambaye hapendi kahawa imwagike, akatazama pembeni kama mtu ambaye hajaona. Furaha ile! Kijiji kizima kilitupa kadi kwenye shimo la maganda ya kahawa. Wewe uliitupa yako kwa mbwembwe kama unarusha mpira wa kona. Mama naye akatupa yake.

Mimi nilicheka na kupiga vigelegele pamoja nanyi. Kisha usiku, wala si usiku, jioni ile nikiosha vyombo, nikaitazama mikono yangu kwenye maji na nikakumbuka kitu. Mama alikuja shambani anakausha mikono kwenye kanga.

Nikamfuata jikoni. "Mama, siku ile ya vipimo ulichuma?"

"Nichume saa ngapi, na ninyi mlitaka kula? Nilikuwa na masufuria tangu asubuhi."

Unaona, mpenzi? Mikono ya Mama ilikuwa safi. Katika wote walioandikiwa sukari siku ile, mmoja alikuwa ameandikiwa sawasawa, naye alitupa kadi bila kupimwa tena, kwa sababu wenzake wametupa. Alibisha siku mbili. "Wamekosea kwa wote, kwangu ndiyo wapatie?" Lakini kulikuwa na lile jagi lake la maji kando ya kitanda, ambalo tulikuwa tunalijaza na kulijaza, na macho yake ambayo tulisema ni uzee. Nikampeleka hospitali hajanywa hata chai. Ilikuwa sukari ya kweli. Daktari akasema tumewahi, macho na miguu bado viko salama, na kwamba akifuata dawa na chakula ataishi vizuri tu. Siku ya harusi yetu ulimwona mwenyewe. Alicheza mpaka akavua viatu, akamwambia mama yako, "Mama wa Ndalambo, ukichoka kaa, mimi nina vidonge vyangu." Kila nikiikumbuka sauti ile namshukuru Mungu kwa banda lile, kwa kimashine kile, na kwa dada yule aliyekosea.

Sasa niambie, upimaji ule ulikuwa mzuri au mbaya? Mimi nimejiuliza mara nyingi nikiwa kwenye cherehani, na sipati jibu la neno moja. Upimaji huo ulitaka kuninyang'anya wewe. Ulinirudishia Mama. Siwezi kuufutia la kwanza kwa ajili ya la pili.

Nilimuuliza Mama mwenyewe, akanijibu kwa kazi anayoijua. "Mwanangu, kahawa tukiitoa shambani tunaitia majini kwanza. Zinazoelea tunazitenga. Je, zinazoelea zote ni mbovu? Si zote. Na zinazozama zote ni nzuri? Nazo si zote. Ndiyo maana tunakaa mezani na kuchambua tena kwa mkono. Aliyemwaga zote zilizoelea amepata hasara, na aliyeacha kuzitia majini kwa sababu siku moja zilimdanganya, huyo naye atauza takataka." Nilimbusu mikono.

Tena sisemi ukimbilie kila anayekuita umpe kidole. Wiki iliyopita Shangazi alikuja kututembelea na pale stendi akakutana na bwana mmoja mwenye kompyuta na kijiti cha chuma. Unashika kijiti, unaambiwa magonjwa yako yote. Shangazi akashika. Akatolewa karatasi ndefu: ini limechoka, figo zimechoka, na tezi dume imevimba. Shangazi yangu! Akamuuliza yule bwana, "Hiyo tezi dume nimeazima kwa nani?" Watu wakaanguka kwa kicheko, na bwana akafunga kompyuta yake. Kwa hiyo mimi sasa nina maswali yangu kabla sijakaa kwenye kiti cha mtu yeyote. Unanipima nini? Ukikuta kibaya, kina matibabu? Nitakipima tena wapi ili nijue ni kweli? Asiyeweza kunijibu, nakwenda kununua nyanya.

Lakini watu wa Jumamosi wanaweza kujibu. Nilikwenda asubuhi ya leo nikauliza. Ni walewale wa hospitali, na kitu ninachotaka upimwe wewe si sukari.

Mume wangu, hapa ndipo barua hii ilipokuwa inakwenda tangu mwanzo. Mimi nilishuka kwenye lile shimo la maganda nikaiokota kadi yako. Niliifuta. Ilikuwa imelowa pembeni lakini namba zinasomeka. Iko ndani ya Biblia tuliyopewa siku ya harusi. Namba ya kwanza ni ile sukari, na tumeshaicheka. Namba ya pili ni presha. Hiyo haikupimwa tena. Yule dada alipokuja na beseni lake alikuja kwa ajili ya sukari, na wewe furaha ilikuchukua, na mimi pia, tukazitupa namba zote mbili pamoja kana kwamba zilitoka kwenye tone moja. Kahawa inaweza kuingia kwenye tone la damu, mpenzi. Haiwezi kuingia kwenye kitambaa cha presha.

Sisemi unaumwa. Sikiliza vizuri, sisemi. Siku ile ulikuwa umepanda kilima karibu ukikimbia, umetoka kutobolewa, umetoka kuambiwa una sukari, na wakwe zako wote wamekukodolea macho. Mimi nadhani hata lori lako lingepanda presha. Nilimuuliza mhudumu asubuhi ya leo, akasema ndivyo ilivyo, namba moja ya siku moja haimfanyi mtu mgonjwa. Inabidi mtu akae, apumzike, apimwe, kisha apimwe tena siku nyingine. Inaweza ikawa haina kitu. Ila inaweza ikawa na kitu kilekile kisichouma wala kupiga hodi, na wewe uko peke yako kwenye mteremko na tani zote zile nyuma yako. Hilo ndilo linalonifanya niamke alfajiri na kulishika koti lako. Sina hofu nyingine duniani. Nimeolewa na ninayempenda, Mama yangu anacheza, cherehani yangu ina kazi. Nina hilo moja tu.

Na najua unaogopa nini. Huogopi kitambaa cha presha. Unaogopa zile wiki za mwarobaini zirudi. Basi nakuahidi mbele ya wote wanaosoma ubao huu: namba ikiwa juu, hatutamwambia mtu mpaka ipimwe tena, hata mama yako, hata Shangazi, hasa Shangazi. Sitakuchemshia jani lolote. Sitakunyima ugali. Nitakwenda nawe hospitali, nitakaa kwenye benchi nikikuchekesha. Ikiwa sawa, nitakuchomea kuku na sitalitaja neno hili tena mpaka mwakani. Na wewe niahidi kitu kimoja, kwamba utapokea simu zangu. Namba yoyote itakayotoka, pokea simu zangu.

Jumamosi usiwe na haraka. Egesha, zima injini. Nitakuwa nimekuja na kigoda kutoka nyumbani ili ukae kivulini kwanza, upumue, tupige hadithi za Kapiri na za huko kote ulikopita. Nitakuwa na birika la maji na sabuni, na nitakunawisha mwenyewe mbele ya madereva wenzako wote, kidole kimoja kimoja, kama siku ile ya karamu ya harusi.

Presha haihitaji mikono safi. Najua. Ni mimi tu nimekosa mikono hiyo siku kumi na moja, na nimetafuta kisingizio cha kuishika.

Njoo polepole, fika mzima.

Mkeo wa wiki tisa, na wa zote zilizobaki